Kaseti Tatu na Kengele Moja

Kaeni, kaeni. Aline, wewe usiimbe sasa, pumzisha hilo koo. Wekeni telefone zenu hapa mezani mrekodi, maana haya nitayasema mara moja tu. Yule mama aliyekaa kwenye benchi ya nyuma, karibu na mlango, mwenye beseni la samaki wadogo, sambaza, ametoka Shasha asubuhi kwa pikipiki. Msimsumbue. Ameniambia atasikiliza kwanza, kisha ataona kama anabaki ao anarudi kwake. Mimi ninataka abaki. Ninataka kuliko ninavyotaka chakula.

Wiki iliyopita mlinijia na telefone mkasema, "Mama Générose, tuwekee *Arusi ya Milima Miwili* humu, ile yenyewe ya zamani." Nikawauliza ipi. Mkaangaliana. Mlidhani iko moja. Ziko tatu, watoto wangu, na zote tatu nilizirekodi mimi, kwa mikono hii ambayo leo hata kifuniko cha chupa ya mafuta kinaishinda. Nimerekodi sauti za watu tangu nikiwa msichana hadi redio ya hapa iliponiambia sasa nipumzike. Harusi, vilio, makwaya, hotuba za machefu, mpaka mbuzi mmoja aliyesemekana analia jina la mwenye kumuiba. Lakini mchezo huu ndio uliokaa na mimi maisha yote.

Kwanza mjue ni nini. Mwalimu Anselme, aliyefundisha hapa kabla wazazi wenu hawajaoana, alisoma seminari kidogo, na huko aliona mapadri wakicheza michezo ambayo wazungu wanaita operete. Ni mchezo ambao mtu hasemi, anaimba tu. Hata kuomba chumvi anaomba kwa wimbo. Akarudi hapa, akasema na sisi wa Masisi tunaweza. Akatunga. Baba wa kilima hiki na baba wa kilima kile wanagombania mpaka wa shamba la maharagwe, binti wa huku anapenda kijana wa kule, na mjomba mlevi anakosea nyumba, anakula posho ya ugomvi kwa pande zote mbili, na mwisho anapatanisha watu bila kukusudia. Mwishoni binti anaaga kilima cha baba yake kwa wimbo wa beti tatu. Wimbo huo ndio unaowatoa jasho ninyi sasa, na Aline, bibi arusi wenu, kuliko wote.

Waimbaji walikuwa wakulima. Walikuja repetisyo, kufanya mazoezi, na udongo kwenye vidole. Mwalimu alikuwa mkali! Ukikosea, hakukupiga, alikuangalia tu mpaka ukatamani akupige.

Sasa, tofauti za kaseti. Nianze na lile la kuchekesha, maana lile la kuumiza linakuja, halina haraka.

Kwenye kaseti ya pili, mjomba mlevi aliimbwa na mkatekista mmoja mnene, Papa Rémy. Siku hiyo alikuwa na kifua kweli, alikuwa anaumwa. Katikati ya "Nyumba yangu iko wapi" akashikwa na kikohozi, kohh kohh kohh, mara tatu, halafu akaendelea. Watu wakafa kwa kicheko, wakidhani ni sehemu ya ulevi. Kaseti ikasambaa. Basi miaka ikapita, tukakimbia vita, tukarudi, tukakimbia tena, na watu wakaimba mchezo ule pale kambini Lushebere. Mimi nikaenda kurekodi kaseti ya tatu. Mjomba wa Lushebere, kijana mwenye mapafu mazuri kabisa, alipofika pale pale, akakohoa. Mara tatu! Nikamuuliza baadaye, "Wewe umekohoa juu ya nini?" Akanijibu kwa heshima zote: "Mama, njo vile mwalimu aliandika."

Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Ningekuwa na akili, ningeacha kucheka nikajiuliza swali moja: kama ugonjwa wa Papa Rémy umekuwa sheria kwa sababu umeingia kwenye kaseti, ni kitu gani kingine kimeingia kwa mlango huo huo? Sikujiuliza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi.

Sikieni kazi ilivyokuwa. Ninyi mnabonyeza kioo, kwisha. Sisi mashine ilikuwa kubwa kama sanduku la sabuni, na ilikula mabuye sita, yale makubwa. Ndiyo, mabuye, betri za redio. Mikrofone niliining'iniza kwenye mti wa paa kwa kamba ya kufungia mbuzi, maana ukiiweka mbele, mjomba anaitemea mate na kwaya ya nyuma inapotea. Kuku nilifukuza mapema. Kichwa cha mashine nilikisafisha kwa pamba na marashi ya mke wa infirmier wa zahanati, hayo makali, yeye hajui mpaka leo. Mkanda ukinasa, unarudisha polepole kwa kalamu ya risasi, usivute kwa hasira. Mtu mwenye hasira asishike mkanda. Mimi nina hasira, kila mtu hapa anajua, lakini mbele ya mkanda nilikuwa mpole kama mwenye kuogesha mtoto.

Na mabuye hayakupatikana hivi hivi. Barabara ikikatika, kilima kizima kilikaa bila mabuye. Kwa hiyo kila nyumba ilijua dawa: unatoa mabuye yaliyochoka, unayaanika juu ya mabati tangu asubuhi, jua linayapasha, yanarudi na nguvu. Mama zenu walifanya, wote. Siku ya kaseti ya kwanza, nilikusanya mabuye ya redio za watu, nikayaanika juu ya paa la sakristia, nikayageuza kama mihogo. Nilijiona fundi kweli kweli. Kengele ya parokia ilipoanza kupigwa kuita watu baada ya misa, nikabonyeza, nayo ikaingia, nikaona mkanda unazunguka vizuri. Ah! Nikajipongeza.

Lakini buye la kuanikwa lina tabia yake. Linaanza na nguvu, halafu linaanguka. Ningeliangalia gurudumu la mkanda, ningeona linachoka kidogo kidogo. Sikuliangalia. Espérance, bibi arusi wetu wa kwanza, alikuwa anaimba kuaga kilima, na mimi nilikuwa ninalia. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa sauti alikuwa analia kama mama wa bibi arusi, na mashine ilikuwa peke yake.

Sasa mnaojua mashine mtanielewa haraka, na wengine nitawaeleza. Mkanda ukitembea polepole wakati wa kurekodi, halafu ukausikiliza kwa mwendo wake wa kawaida, sauti inakuwa nyembamba na inapanda juu. Kadiri mabuye yalivyokuwa yanachoka, ndivyo sauti ya Espérance ilivyokuwa inapanda kwenye mkanda wangu, na kinanda chetu, harmonium, pamoja nayo. Ubeti wa kwanza juu kidogo, wa pili juu zaidi, wa tatu huko kwa malaika. Kesho yake nikaweka mabuye mapya aliyoleta mfanyabiashara wa Sake, nikasikiliza. Yesu wangu! Nikasema, kumbe tuna binti mwenye sauti ya namna hii!

Nikamwita Espérance ajisikie. Akasikiliza, akakunja uso, akasema, "Huyu haiko mimi."

Nikacheka. Kila mtu anaikataa sauti yake akiisikia mara ya kwanza. Hata ninyi, nawajua. Nikamwambia, "Njo wewe, dada. Zoea." Akainua mabega akaenda zake. Mwaka ule ule akaolewa Ntoto, upande wa Walikale, na huko ndiko alikolala, Mungu ampumzishe. Mwalimu Anselme naye alihamishwa kabla sijamsikilizisha kitu. Daftari lake la do-re-mi lilipotea tulipokimbia mara ya kwanza. Kwa hiyo mchezo wote ukabaki kwenye kaseti yangu. Mtu akitaka kujua wimbo unaanzia wapi, anakuja kwa Générose, na mimi ninabonyeza.

Hapo ndipo anaingia Riziki.

Usiondoke, dada wa benchi ya nyuma. Bado kidogo.

Tulipocheza mara ya pili, Riziki ndiye aliyechaguliwa kuwa bibi arusi. Alikuwa na sauti nzito, tamu, ya binti aliyekua akiitana na watu toka kilima hadi kilima. Kwenye repetisyo ubeti wa kwanza aliuimba mpaka wamama wakaacha kusuka vikapu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na mashine yangu, na kila mara nilisimamisha: "Hapana. Sikia kaseti. Ubeti wa pili tunapanda." Mpiga harmonium akapanda. "Wa tatu tunapanda tena." Akapanda tena. Riziki akasema, "Mama Générose, kule juu mimi sifiki. Haiko ya mutu." Na mimi, mbele ya kwaya nzima, nikamjibu maneno ambayo nimeyasikia kichwani tangu wiki iliyopita kama maji yanayodondoka: "Espérance alifika. Espérance si mutu? Wewe unashindwa nini, uvivu?"

Akajaribu. Alijaribu wiki nzima kwa maji ya moto na tangawizi, kama Aline anavyofanya sasa.

Siku ya mchezo ukumbi huu huu ulijaa mpaka madirishani. Ubeti wa tatu, sauti yake ikapasuka. Mnajua kupasuka? Ilitoka kama mlango wa mabati. Benchi za mbele wakacheka, mmoja akapiga mluzi, halafu wote. Riziki akashuka, akatoka kwa mlango ule, akapita katikati ya soko na shela ya bibi arusi kichwani mpaka kwao, na watoto nyuma yake wakiiga ile sauti. Hakuimba tena. Si hapa, si kanisani. Alipoolewa Shasha, nasikia hata watoto wake hakuwabembeleza kwa wimbo.

Na mashine ilikuwa inazunguka. Mabuye siku hiyo yalikuwa mapya, kila kitu kimeingia safi. Ningeweza kukata pale. Nilikuwa na mkasi, nilikuwa na gundi, nilijua kukata mkanda kuliko mtu yeyote hapa. Sikukata. Watu waliomba nakala, nikawatolea nakala, na nilijua wazi kwamba baadhi yao wanaiomba ili wacheke. Kwenye mabaa walikuwa wanarudisha nyuma pale pale. Mimi nilisema ndivyo ilivyotokea, kazi ya fundi ni kuweka kilichotokea. Ona maneno! Kumbe kile kilichotokea kweli sikuwa nimekiweka hata kidogo.

Nilipewa nafasi nyingine ya kujua, nikaitupa. Kule Lushebere hawakuwa na kaseti wala harmonium. Waliimba chini ya hema la plastiki, upepo unalipigapiga, ngoma yao ni bidoni tupu la maji. Aliyewafundisha alikuwa bibi mmoja aliyekuwa kwenye kwaya ya kwanza kabisa, ya Mwalimu Anselme, akiwa msichana; kile kikohozi tu ndicho walichookota kwa watu waliosikia kaseti. Wimbo wa mwisho waliuimba chini, beti zote tatu pale pale, haupandi. Mimi fundi mkubwa nikamvuta yule bibi pembeni: "Mama, mumesahau. Wimbo unapanda." Akaniangalia. Akasema, "Mutoto, mimi nilikuwa pale. Haukupanda." Nikaandika kwenye karatasi ya kaseti, kwa kalamu nyekundu: *Lushebere, wamekosea mwisho*. Karatasi hiyo ninayo. Nimekuja nayo, ipitisheni mikononi muione.

Basi, wiki iliyopita. Mmeniletea telefone, nikatoa kaseti zote tatu ili nijue niwape ipi. Nilikaa barazani baada ya chakula cha mchana, nikawa ninasikiliza moja, naweka nyingine. Kuna raha katika kufanya hivyo, mjaribu siku moja: maneno ni yale yale, wimbo ni ule ule, lakini kila kundi lina roho yake. La kwanza lina adabu, unasikia wanamwogopa mwalimu. La pili lina majivuno. La Lushebere, wanaimba kama watu ambao mashamba yao yako mbali na wanayaona. Pale baba wawili wanagombania mpaka wa maharagwe, la kwanza watu wanacheka. Lushebere hakuna aliyecheka. Unasikia kimya, halafu mama mmoja anapangusa pua.

Nikaiacha kaseti ya kwanza iende mpaka mwisho kabisa. Kwa kawaida ninaizima wimbo ukiisha, sijui siku hiyo kwa nini sikuizima, labda uzee, mkono mzito. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, na nyuma ya makofi ikapigwa kengele ya saa sita. Ting, ting, ting. Nyembamba. Kama ya baiskeli.

Nikajiuliza, hiyo baiskeli imetoka wapi?

Nikarudisha mkanda mwanzo. Kengele ya kuita watu: goong, goong. Nene, hii hii mnayoisikia ninyi kila siku. Ni kengele moja, watoto wangu. Imening'inia pale tangu mababu. Mtu anaweza kuwa na sauti ya malaika, na mpiga harmonium anaweza kupanda apendavyo, lakini kengele ya chuma haiwezi kupanda sauti kati ya asubuhi na saa sita. Nikaenda mwisho, nikarudi mwanzo, mara nne. Halafu nikakumbuka paa la sakristia na yale mabuye niliyoyageuza kama mihogo, na nikasikia Espérance akisema "Huyu haiko mimi." Nililia, nisiwafiche. Si kwa ajili ya mashine.

Nikafanya hivi. Nikatafuta mabuye yaliyochoka, nikaweka kwenye mashine, nikaiacha izunguke mpaka kengele ile ya mwisho ikashuka na kulingana na hii ya hapa. Halafu nikarudisha ubeti wa tatu. Na Espérance akatoka. Espérance mwenyewe, binti niliyemjua, mwenye sauti nzito, anaimba chini, pale pale, haupandi. Sauti kama ya Riziki. Pacha wake kabisa.

Keshokutwa yake, barabara ilipopitika, nikapanda pikipiki na mashine kifuani mpaka Shasha, kando ya ziwa. Nikamkuta anachambua samaki. Akaniona, akasema, "Générose. Umekuja kununua sambaza?"

"Nimekuja kukusikilizisha kitu."

"Kama iko ile kaseti, geuza pikipiki yako."

"Iko ya kwanza, ya Espérance. Nisikilize kidogo tu, dada, halafu unifukuze."

Nikamsikilizisha kengele mbili. Nikamweleza mabuye. Halafu nikabadilisha, nikaweka yaliyochoka, na ule ubeti wa tatu ukaanza. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Huyu iko nani?"

"Espérance."

"Hapana. Espérance alikuwa anaimba juu."

"Hakuimba juu. Ni mabuye yangu njo yalimupandisha."

Akakaa. Akaangalia ziwa, akaangalia mashine. Halafu akasema polepole, "Ile sauti mimi nilikuwa nayo."

"Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, Générose! Asubuhi ile ile nilikuwa nayo!" Na akapiga beseni kwa kiganja, sambaza zikaruka mpaka kwenye sketi yangu. Nikamuomba radhi. Nilipiga magoti pale kwenye magamba ya samaki, na magoti yangu haya mnayajua. Hakuniinua. Alilia kwanza, kwa muda wake, kisha akapangusa uso kwa kitenge akasema, "Ulinifanya nichekwe mbele ya watu. Hapa tuko wawili tu. Enda useme kule kule."

Ndiyo maana tuko hapa leo, na nimesema. Riziki hakushindwa. Alikuwa na wimbo kama mwalimu alivyoutunga, na mimi, Générose, nilimfukuza nao kwa sababu niliamini mashine yangu kuliko koo la mtu. Bibi wa Lushebere aliniambia, nikamwita msahaulifu. Espérance aliniambia, nikamcheka. Walikuwa watatu, na mimi nikasikiliza mabuye. Wazee mliopo hapa, mliocheka siku ile, niliwaona mkiingia, na ninyi muinamishe vichwa pamoja nami kidogo.

Ninyi wenye telefone, la kuwafundisha ninalo moja. Kabla hamjamwambia mwimbaji amekosea, tafuteni kwenye sauti yenu kitu kisichoweza kudanganya, kengele, jiwe la kusagia, chochote, mkipime kwanza. Aline, wewe huna ugonjwa wowote. Shuka. Uimbe beti zote tatu pale pale sauti yako inapokaa. Na kikohozi cha Papa Rémy mkiache, ao mkibakize kwa kumpenda tu, lakini mjue ni kifua.

Tumebaki na shida moja. Harmonium imeliwa na panya, na mtu lazima atutolee sauti ya kuanzia. Mimi sitoi. Mimi nimekwisha kuwatolea ya uongo miaka yote hii.

Nini, dada? Sema kwa nguvu, hawa wa mbele hawakusikia.

Anauliza kama mabuye ya mashine yangu iko mapya.

Chekeni, chekeni, ana haki. Mapya, dada. Nimeyatoa kwenye karatasi asubuhi, hayajaona jua hata siku moja. Njoo uangalie mwenyewe. Mpisheni. Mshikie beseni lake, Aline. Angalia hapa, gurudumu linazunguka, safari hii siliondolei macho.

Haya. Kimya wote. Riziki, tutolee sauti.